Bustani ya Dereva na Tanboi

Ukiuliza maua mtaani Kibomet, pale Kitale, utaelekezwa kwa Jentrix Nasike. Kitalu chake kiko kando ya barabara, kati ya fundi wa kuchomelea vyuma na mama muuza makaa. Miche yake imepangwa kwenye pakiti za maziwa, mikebe ya rangi na karatasi nyeusi za kupandia, na asubuhi akishamwagilia, mtaa wote hunuka udongo mbichi.

Jentrix alizaliwa Naitiri, mtoto wa nne wa mkulima wa mahindi. Alisoma mpaka darasa la nane. Ndoa yake haikudumu, lakini ilimpa mwana mmoja, Hillary, ambaye siku hizi ni fundi wa umeme Eldoret. Kwa miaka kumi na miwili alikata mawaridi katika shamba moja la maua nje ya mji wa Kitale. Shamba lilipopunguza wafanyakazi, alirudi nyumbani na glavu kuukuu, mkasi wa kupogolea, na yale ambayo mikono yake ilikuwa imejifunza. Alianza kuomba matawi kwenye nyua za watu. Tawi ambalo wengine walilichomeka likakauka, yeye alilichomeka likatoa majani. Majirani wakaanza kumwita Daktari wa Maua, kwanza kwa mzaha, baadaye bila mzaha.

Jina hilo alilipenda. Lakini mtu akishazoea kuitwa daktari, inamwia vigumu kusema hajui. Mteja akimuuliza kama ua fulani linavumilia kivuli, Jentrix alijibu papo hapo. Mara nyingi alikuwa sahihi. Alipokuwa hana hakika, alijibu kwa sauti ileile.

Mwaka juzi, mvua za Machi zilipokuwa zinaanza, alifika mteja mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyejifunga mtandio wa kijani, na alitembea polepole kati ya mikebe kama anayechagua kitambaa. Jina lake Zaitun, mkazi wa Bungoma mjini, nyumba yake si mbali na msikiti. Alikuwa amekuja Kitale kumwona dada yake.

"Nataka maua ya uani," alisema. "Yawe mazuri, na yasiwe ya bei. Lakini mimi nyumbani nina kobe."

"Kobe?" Jentrix aliuliza.

"Wawili. Walikuwa wa mzee wangu."

Akaeleza. Marehemu mumewe, Hamid, alikuwa dereva wa lori la kubeba mahindi kutoka Moi's Bridge. Alikuwa rafiki wa mwalimu mmoja mstaafu aliyefuga kobe wawili kwa kibali. Mwalimu alipohamia kwa watoto wake mbali, Hamid akawachukua wale kobe, akafuata karatasi zote kwa maafisa wa wanyamapori mpaka akapewa kibali chake mwenyewe. Yule mkubwa, mwenye gamba la madoa ya manjano na meusi, alimwita Dereva. Mdogo, kwa kuwa kila mahali alimfuata mwenzake nyuma kama utingo wa lori, akaitwa Tanboi. Hamid alifariki, binti yao Leila akawa anafanya kazi Nakuru, na Zaitun akabaki na nyumba, kobe wawili, na kibali alichobadilisha kikawa kwa jina lake. Afisa aliyekuja kuwakagua alimwambia kwa upole kwamba ua wake ni mkavu mno. Kobe walihitaji kivuli, majani ya kula na mahali pa kujificha. Angerudi mwezi wa Agosti.

"Basi nimeona ua upendeze, na wao wapate kula," alimaliza Zaitun. "Yale meupe pale yanaitwaje?"

Alikuwa ameelekeza kidole kwenye mikebe mitatu nyuma ya kitalu. Humo mlikuwa na miti mifupi iliyobeba maua marefu meupe, yanayoning'inia kama tarumbeta. Ilikuwa fahari ya Jentrix. Iliota haraka kwa vipande tu, na jioni harufu yake ilifika mpaka barabarani.

"Sisi tunaiita tarumbeta. Hiyo haisumbui, mama. Ukiweka kwa mchanga inashika."

"Haiwezi kuwadhuru kobe?"

Jentrix hakuwahi kufuga kobe. Hakuwahi hata kufikiria kobe anakula nini. Lakini alisema, "Hapana. Ua ni ua tu, mama. Kobe anakula majani, si ndiyo?"

Zaitun aliyatazama yale maua tena, akatabasamu. Mambo yakaisha hapo.

Jumamosi iliyofuata Jentrix aliajiri pikapu ya jirani, akapeleka miche Bungoma na kuipanda mwenyewe. Aliweka mawaridi kando ya mlango, lantana ya rangi mbili kwenye ukingo wa ua, na ile miti mitatu ya tarumbeta mbele ya dirisha la sebule. Dereva alitoka chini ya tangi la maji, akavuka ua kama mtu anayekwenda ofisini, akanusa udongo mpya. Tanboi akamfuata. Zaitun alimpikia Jentrix pilau, na kabla ya kuondoka, yeye na Jentrix walikuwa wameshaanza kuitana Mama Leila na Mama Hillary.

Simu ilikuja baada ya wiki tano, asubuhi, Jentrix akiwa anajaza udongo kwenye pakiti.

"Mama Hillary," sauti ya Zaitun ilikuwa ya chini. "Dereva hawezi kuamka. Shingo imelala nje. Nikimgusa harudishi kichwa ndani."

Jentrix alisimama na mikono yenye udongo. Wazo la kwanza lililomjia, na baadaye alikiri hivyo bila kuulizwa, lilikuwa kusema kwamba kobe wanazeeka. Wazo la pili lilikuwa lile swali aliloulizwa karibu na mikebe. Akasema, "Nakuja," akamwomba mama muuza makaa amwangalizie kitalu, akaondoka na gari la asubuhi.

Alipofika, daktari wa mifugo alikuwa ameshafika. Aliitwa Khisa, mtu mrefu mwenye gambuti, ambaye kwa kawaida alishinda kwenye maboma ya ng'ombe. Dereva alikuwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, kichwa kikiegemea ukingo. Miguu yake ilikuwa imelegea kama ya mwanasesere. Tanboi alikuwa ndani ya boksi jikoni, mzima, kwa sababu siku mbili zile Zaitun alikuwa amemtenga kumtibu jeraha dogo la mguu.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe," Daktari Khisa aliwaambia wazi. "Huyu ni kobe wa tatu kutibu maisha yangu yote. Nimempigia mwenzangu wa Nairobi anayewajua, tunasaidiana kwa simu. Sasa niambieni, hapa kumepulizwa dawa?"

"Mawaridi niliyapuliza dawa ya wadudu," Jentrix alijibu. "Lakini ni mwezi mmoja kabla sijayaleta."

"Na amekula nini jana?"

Daktari akachukua kijiti, akafungua mdomo wa Dereva taratibu, akatoa kipande cheupe kilichotafunwa nusu. Akakiweka kwenye kiganja. Kisha akatazama dirisha la sebule, ambako chini ya ile miti mitatu ardhi ilikuwa imetapakaa maua yaliyoanguka usiku.

"Hii kitu ni sumu," alisema. "Maua, majani, mbegu, yote. Ng'ombe pia huikwepa. Nani aliwauzia?"

Jentrix alisema, "Ni mimi."

Daktari hakumkemea. Alimchoma Dereva sindano ya kumwongezea maji mwilini, akaeleza namna ya kumweka mahali penye joto na utulivu, na jinsi ya kumlowesha mara mbili kwa siku. Akasema hawezi kuahidi kitu. Kobe huugua polepole na hupona polepole, na mtu asimwone ametulia akadhani amepona, wala akadhani amekufa.

Alipoondoka, Jentrix aliomba jembe. Aling'oa miti yote mitatu, akafuata kila mzizi. Aliokota maua na majani moja moja, akapiga magoti mpaka chini ya tangi, akatia yote ndani ya gunia. Lantana nayo akaing'oa, kwa kuwa daktari aliipitia kwa macho na kutikisa kichwa. Zaitun alisimama mlangoni akimtazama. Alipomaliza, ua ulikuwa mtupu karibu kama ulivyokuwa kabla hajaujua, umebaki na mawaridi tu.

Walikaa kwenye ngazi ya mlango. Zaitun alileta chai.

"Mama Leila," Jentrix alisema, "siku ile uliniuliza. Mimi sikuwa najua. Nilisema tu."

Zaitun alizungusha kikombe mikononi.

"Nami nilitaka uniambie ni salama," alisema. "Nilishayapenda yale maua. Kama ungesema hujui, ningekwenda kwa mwingine mpaka nipate wa kuniambia sawa." Kisha akaongeza, "Lakini yule ni wa Hamid. Akifa, mimi sitasema kitu, ila nitakuwa nakukumbuka kwa hilo."

Maneno hayo yalimkaa Jentrix moyoni kuliko kama angegombezwa. Alilala Bungoma siku tatu. Alimlowesha Dereva asubuhi na jioni, akamshikilia kidevu maji yasiingie puani. Siku ya pili Dereva alirudisha mguu mmoja ndani. Siku ya tatu alifumba na kufumbua jicho alipoguswa shingo. Siku ya tisa, Jentrix akiwa ameshalazimika kurudi kwenye kitalu, Zaitun alimtumia picha kwa simu: kobe amesimama kwa miguu minne, mdomoni ana jani la nyasi.

Jentrix aliitazama ile picha mara nyingi siku hiyo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kuuza maua. Alichukua daftari la zamani la Hillary, akakata jani moja kutoka kila mmea aliokuwa nao, akayabana katikati ya kurasa. Akaongeza magugu yaliyojiotea kati ya mikebe. Jumapili alasiri alilipeleka daftari kwa Mwalimu Jepkoech, mteja wake wa siku nyingi, anayefundisha biolojia katika shule moja ya upili karibu na Kitale.

"Mwalimu, nisaidie," alisema. "Nataka kujua ni gani kobe anaweza kula na ni gani itamuua. Mimi sijui."

Mwalimu Jepkoech alimtazama kidogo, labda kwa sababu hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Akavaa miwani. Walikaa mpaka jua likashuka, mwalimu akifungua vitabu na simu, akipiga picha majani na kuwatumia watu wanaojua wanyama hao. Pale alipokuwa hana hakika, alichora alama ya kuuliza na kukataa kuifuta.

"Lakini si ningemfuata kobe nione anachopenda?" Jentrix aliuliza.

"Si alipenda tarumbeta?"

Jentrix akafungua ukurasa uliofuata.

Matokeo yalimshangaza. Mimea mingi aliyoiuza kwa bei ya juu iliangukia upande wa hatari: oleanda, lantana, na mingine mingi yenye utomvu mweupe kama maziwa. Hata majani ya mwavokado, ambao Zaitun alikuwa na mpango wa kuupanda kwa ajili ya kivuli, yaliwekwa huko. Na vitu alivyoving'oa kila asubuhi na kuvitupa viliangukia upande wa chakula. Mchunga wenye maua madogo ya manjano. Lile gugu la maua ya buluu linalotambaa penye unyevu. Nyasi za kawaida, ambazo mwalimu alisisitiza ndizo ziwe chakula kikubwa, mengine yote yawe ya kuongezea. Matunda matamu ndiyo yapunguzwe kabisa, kwa sababu yanawaharisha.

"Kwa hiyo nimekuwa nikitupa chakula na kuuza sumu," Jentrix alisema.

"Kwa kobe," mwalimu alimsahihisha. "Watu walipata maua."

Kilichobaki kilikuwa kupata uzuri bila gharama, maana Zaitun hakuwa na cha kutumia mara ya pili, na Jentrix hakutaka hata kulizungumzia. Alikwenda Naitiri kwa kaka yake, Wabwile. Kando ya boma la ng'ombe la marehemu baba yao kulikuwa na safu ya mpungate, ule mmea wa majani manene kama sahani, ambao Wabwile alikuwa akiukata na kuulaani kila mwaka.

"Unataka hii?" Wabwile aliuliza. "Chukua yote, bana. Hata ukitaka nikuongezee miiba."

"Ati kobe wanapenda."

"Basi hao kobe wana meno."

"Hawana," Jentrix alisema. "Miiba nitaichoma kwa moto, kila jani."

Kutoka kwenye bustani ya shemeji yake alichukua mashina ya viazi vitamu vya majani ya zambarau, ambayo yakitambaa hufanana na zulia. Mbegu za maboga alipewa. Vipande vya haibiskasi, nyekundu na ya waridi, aliviomba kwenye ua wa kanisa. Kulikuwa na lile ua la kutambaa, la rangi ya chungwa na majani ya mviringo, ambalo hujiotea lenyewe kando ya mitaro ya Kibomet. Hilo alilichota pamoja na udongo wake. Mwisho akachukua mforosadi mmoja kutoka kitalu chake mwenyewe, kwa kuwa hukua upesi, hutoa kivuli, na majani yake yanalika. Kila kimoja alikipitisha kwanza kwa Mwalimu Jepkoech. Viwili alivyovipenda sana vilikataliwa, akaviacha.

Mwezi wa Juni alirudi Bungoma. Safari hii hakupanda kwa haraka. Aligawa ua vipande viwili kwa safu ya mawe, ili kobe wale upande mmoja wakati upande wa pili ukishika mizizi. Haibiskasi aliziweka nyuma, kando ya ukuta, mpungate kwenye kona yenye jua, viazi na maboga katikati, mforosadi karibu na tangi ili kivuli kiangukie mahali kobe walipolala. Nyasi alizisia kila palipobaki wazi. Mawaridi ya mlangoni aliyaacha, ila akamwambia Zaitun yasipulizwe dawa tena kamwe, wadudu waoshwe kwa maji tu.

Zaitun aliuliza kila mmea jina lake. Kisha akauliza kila mmea swali lilelile, kama ungewadhuru kobe. Jentrix hakuchoka kujibu. Alipofika kwenye kijiti kimoja chenye majani ya fedha alichokuwa amekileta kwa ajili ya urembo, alisita.

"Huu mwalimu ameuwekea alama ya kuuliza."

"Basi urudi nao."

"Nitarudi nao."

Agosti, afisa wa wanyamapori alikuja na karatasi zake. Jentrix alikuwa ameombwa awepo. Afisa alizunguka ua taratibu, akainama kuangalia chini ya viazi, akamkuta Tanboi amejizika nusu kwenye udongo laini. Dereva alikuwa kwenye haibiskasi, amenyoosha shingo yote, akivuta ua jekundu lililoinama. Alilivuta likakatika, akalitafuna huku rangi ikimchafua mdomo.

"Ua huu nani ameupanga?" afisa aliuliza.

Zaitun alimwonyesha Jentrix. Afisa akauliza maswali mengi, na Jentrix akajibu yale aliyoyajua. Mawili alisema hajui, na afisa akayajibu mwenyewe. Kisha akatia sahihi kwenye karatasi, akapiga picha mbili, akaaga.

Zaitun aliingia ndani. Aliporudi alikuwa na sahani ya mahamri na kofia ya Hamid ya kazini, ile ya kitambaa yenye alama ya mafuta ya gari. Kofia akaiweka kwenye ngazi, kati yao. Alisema Hamid alizoea kukaa papo hapo jioni, akivua viatu, na Dereva akija kumng'ata vidole vya miguu kwa kudhani ni karoti. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mumewe na kucheka. Jentrix alicheka naye, na wakakaa wakimega mahamri mpaka adhana ya alasiri ikasikika.

Siku hizi Jentrix huenda Bungoma kila baada ya miezi mitatu, kuhamisha mawe na kufungua upande mwingine wa ua. Haibiskasi zimenenepa, ila kwa chini ziko uchi mpaka urefu wa shingo ya kobe, kana kwamba mtu alizipima kwa rula. Tanboi amekua, na sasa kuna siku yeye ndiye anayetangulia. Pale Kibomet, kitalu kina safu moja ya mimea ya kulisha wanyama, iliyotengwa kwa kamba ya buluu, na kwenye mkebe wa kwanza Hillary, alipokuja likizo ya Krismasi, aliandika kwa rangi nyeupe: ULIZA KWANZA. Watu wa sungura huja, wa mbuzi huja, na mmoja alikuja kuulizia kasuku. Huyo wa kasuku Jentrix alimwambia arudi Jumatatu, kwa sababu alitaka kwanza kumuuliza Mwalimu Jepkoech.